"Hiyo siyo chumvi, ni kiungo": uzoefu wangu na chakula cha mgonjwa wa moyo

Hawa wanaopikia wagonjwa chakula na kukileta nyumbani naanza kuwapa nyota moja, tena ya kuwaonea huruma.

Mama yangu ana presha ya siku nyingi, na si zamani sana kliniki ya moyo wakatuambia moyo umetanuka. Chumvi ipungue. Daktari alitueleza kwamba hata mtu mzima asiyeumwa, Shirika la Afya Duniani linamtaka abaki chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitakachopita mdomoni tangu chai ya asubuhi, na mama asifike hata huko. Mimi natoka nyumbani alfajiri, narudi usiku. Dada wa kazi, akiambiwa apike bila chumvi, anachemsha. Mama akala ndizi za kuchemsha siku nne, siku ya tano akasukuma sahani akasema afadhali afe ana ladha mdomoni.

Ndipo nikawapata hawa, hapa hapa Dar. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Wanawapikia wagonjwa wa presha na sukari, wanaleta mchana kwa bodaboda. Unawapa hotpoti zako mbili: moja ikiwa kwako, nyingine iko kwao. Maneno yao ni "chumvi kidogo, ladha tele".

Nisiwe mnafiki, wiki za mwanzo nilikuwa nawasifia mpaka ofisini wakanichoka. Walileta samaki wa kupaka, changu aliyepita kwenye mkaa kwanza mpaka ngozi ikashika moshi, tui limekauka likawa zito, ukwaju unauma ulimi vizuri kiasi kwamba hukumbuki kuna kitu hakijatiwa. (Daktari alishatuonya na tui pia, kwa mafuta yake, kwa hiyo ilikuwa mara moja kwa wiki.) Mama alilamba vidole. Mama yangu! Siku hiyo wangeniomba nyota kumi ningewapa.

Sasa siku moja, katikati ya wiki, yakaja maharage. Laini, mchuzi mzito, matamu mno. Nilionja kijiko kimoja usiku nikarudia cha pili, na cha pili ndicho kilichonishtua, kwa sababu ulimi wangu ni wa Tanga, naijua chumvi hata ikivaa baibui. Usiku ule mama alikunywa maji kama aliyetoka shamba. Baada ya siku mbili tatu miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kwao. Jiko liko uani, safi, hilo nalisema. Lakini kwenye ndoo ya taka, juu kabisa, zimejaa karatasi za vile vidonge vya mchuzi. Nikaokota moja nikasoma: kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye orodha ni chumvi. Cha kwanza! Na pembeni ya jiko, kwenye kopo la maziwa, magadi ya kulainishia maharage. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, jamani. Moyo wa mgonjwa hauulizi sodiamu imepitia mlango gani.

Nikamwita mwenye biashara. Akaja anachati, hakunyanyua hata uso. Nikamwonyesha karatasi. Akasema: "Dada, sisi hatuweki chumvi. Hiyo siyo chumvi, ni kiungo."

Nikarudia kumweleza. Akaniambia labda mgonjwa wangu anakula vibaya usiku, na kama nataka chakula cha hospitali niende hospitali. Halafu akarudi kwenye simu yake. Ile "ni kiungo" bado inalia kichwani mwangu. Nikiwa kwenye daladala naisikia. Basi hata kijana wao wa bodaboda, ambaye hajanikosea kitu, siku hizi nikimwona barabarani nageuza uso.

Ila natoka pale, mama mmoja mpishi, mtu mzima, akanifuata mpaka getini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vidonge vilianza wateja walipozidi. Zamani maharage yalilala kwenye maji usiku kucha, maji yakamwagwa, hakukuwa na haja ya magadi. Akanifundisha pale pale, tumesimama juani: bizari nyembamba ikaangwe kavu ndipo itwangwe, kitunguu na nyanya visiharakishwe, vikae jikoni mpaka mafuta yajitenge, ndimu ikamuliwe sufuria ikishashuka, ukiiweka mapema harufu yote inakwenda na mvuke. Na ile chumvi ya potasiamu inayouzwa kama mbadala, akasema nisiiguse kabla ya kumwuliza daktari. Niliuliza kweli. Nikakatazwa, kwa sababu vidonge anavyotumia mama vinabakisha potasiamu mwilini, ikizidi ni moyo huo huo unaoumia.

Kwa hiyo yule mpishi ni nyota tano, bosi wake ni sifuri. Gawanyeni wenyewe.

Nilikuwa nimeshaandika hadi hapo, nimewaka, nataka kutuma. Jumamosi nikageuza godoro la mama ili nilianike. Nikakuta chupa ya achari ya ndimu, imefika nusu, na kijiko chake ndani. Ndimu zilizolala kwenye chumvi! Nikamwuliza tangu lini. Akasema, "Mwanangu, kidogo tu, ya kuondolea kichefuchefu." Dada wa kazi akaangalia chini. Kumbe anayetumwa sokoni ni yeye.

Basi sijui. Pengine miguu ile ni ya achari, pengine ni ya maharage, pengine vyote viwili vilishikana mikono. Labda yule bosi alibahatisha kusema mama anakula vibaya usiku. Lakini hakujua! Alisema ili nimwondokee. Na karatasi nilizoziona sikuziota. Weka nyota mbili. Kama mgonjwa wako ni wa sukari tu labda utawafurahia, ingawa mimi ningeingia jikoni kwanza nikaangalia ndoo ya taka.

Siku hizi napika mwenyewe Jumapili, nagawa kwenye vikopo vya friji. Samaki wangu hajafika wa kwao bado, moshi haushiki.

Na hotpoti yangu ya bluu walirudisha bila kifuniko. Nimepiga simu mara tatu.