Kiko cha tembo cha Arusha: mapitio kwa aliyeachiwa na mzee wa duka

Wengi wetu huku Tanzania na Kenya kibarua cha kwanza kilikuwa cha dukani: kupima sukari, kufunga chumvi kwenye gazeti, kushusha magunia, chini ya macho ya mzee aliyeketi nyuma ya kaunta na kiko chake. Mzee akifariki, mara nyingine familia humpa kile kiko kijana aliyekulia pale dukani. Mapitio haya ni kwa huyo aliyeachiwa, na kwa aliyekiona kwenye meza ya vitu vya zamani akashindwa kuamua kama kinafaa kununuliwa.

Tunazungumzia viko vya chapa ya Kiko, vilivyotengenezwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation. Alama yake ni tembo. Ukikuta kimegongwa Tanganyika kama jina la nchi kilikotengenezwa, kwa kawaida ni cha kabla ya mwisho wa mwaka 1964, kwa sababu jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo. Jiwe lake ni mishamu, ambalo wanajiolojia huliita sepiolaiti: madini ya magnesi na silika, laini kiasi kwamba kucha inaweza kuliacha na mkwaruzo. Lilichimbwa Amboseli, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, chini ya Kilimanjaro.

Mishamu mashuhuri duniani ni ya Eskişehir, Uturuki. Ile ni nyeupe, nyepesi, na ikiwa kavu huelea majini. Ya Amboseli ni nzito zaidi, imeshikana zaidi, na ina mabaka ya kijivu na kahawia. Ndiyo sababu vingi vya Arusha vilitiwa rangi nyeusi au kahawia, au vilivishwa ngozi iliyoshonwa. Vipo pia ambavyo bakuli ni la mti na ndani limetiwa kikombe cha mishamu. Utavitambua kwa pete ya jiwe inayoonekana mdomoni mwa bakuli. Usitegemee kiko cha Arusha kigeuke rangi ya asali kama cha Kituruki. Anayetaka pambo la kabatini atafute kwingine.

Kwa mtu wa dukani, hata hivyo, hiki kilikuwa chombo cha busara kabisa. Kiko cha braya, yaani cha kisiki cha mti wa Mediterania, hunywa unyevu wa tumbaku na kinahitaji kupumzika walau siku nzima, la sivyo huchachuka na kutoa ladha ya ukakasi. Anayevuta asubuhi, mchana na jioni anahitaji braya tatu au nne. Mishamu hunyonya unyevu na kukauka upesi, haina haja ya kuzoezwa ikiwa mpya, na inaweza kuwashwa tena siku ileile mara ikishapoa. Kiko kimoja kinatosha siku ya kazi. Kasoro yake ni uzito: kukibana kwa meno huku mikono yote miwili iko kwenye mizani kunachosha taya, na ndiyo maana midomo ya viko hivi, yaani vipande vya kuvutia vinavyobanwa kwa meno, huwa na alama nyingi za meno.

Kabla ya kununua au kusafisha, kikague. Washa tochi ndogo ndani ya bakuli na utazame kitako na shingo, yaani bomba linalounganisha bakuli na mdomo. Ufa mwembamba wa juujuu unavumilika. Ufa unaotoka tundu la moshi kuelekea shingoni utaendelea kila kikipata joto, na hakuna gundi tunayoiamini mahali penye moto. Kilichovishwa ngozi kikague mara mbili, kwa sababu ngozi huficha nyufa: kibonyeze taratibu kwa vidole kuzunguka bakuli, ukisikia mlio wa kusagika, kiache. Kisha pitisha kijiti cha waya chenye pamba kutoka mdomoni. Kikitokea kitakoni mwa bakuli, njia ni nzima.

Sehemu inayovunjika zaidi ni pale shingo inapokutana na mdomo, na sababu karibu ni moja tu: kugonga bakuli kwenye ukingo wa kaunta ili kumwaga majivu. Braya huvumilia, jiwe halivumilii. Majivu yachokolewe kwa mpini wa kijiko, kisha kiko kiinamishwe. Sababu ya pili ni kuchomoa mdomo kikiwa bado cha moto. Subiri kipoe kabisa, shika shingo (si bakuli), kisha zungusha polepole huku ukivuta. Mdomo ukigoma, usitie kiko kwenye friza kama wafanyavyo wenye braya. Tia tone la spiriti kwenye kiungo, acha dakika 10, jaribu tena. Na angalia kama kiungo ni cha kuchomeka au cha skrubu kabla ya kutumia nguvu.

Usafi wa ndani ndipo watu wanapoharibu urithi. Mwenye braya huacha ukoko wa masizi wa unene wa milimita 1 hivi ulinde mti. Kwenye mishamu ukoko hautakiwi kabisa: ukipata joto hutanuka kuliko jiwe, na jiwe hupasuka. Wazee wengi hawakulijua hili, kwa hiyo kiko cha urithi mara nyingi kina ukoko mnene hadi kidole hakiingii. Usiuchimbe kwa kisu. Viringisha msasa namba 220 kwenye kijiti cha mviringo, zungusha kwa mkono mwepesi, pukuta, rudia. Ukianza kuona rangi ya jiwe, hamia namba 400 na ukaribie kuacha. Baada ya hapo ni kufuta kwa karatasi laini kila baada ya kuvuta, kiko kikiwa vuguvugu.

Usilowanishe bakuli kwa maji. Wala usijaze chumvi na spiriti, njia ambayo wenye braya huisifu kwa kuondoa harufu. Chumvi ikiingia kwenye vitundu vya jiwe inaweza kulipasua. Spiriti itumike kwenye kijiti cha pamba tu, ndani ya shingo na mdomo, hadi kijiti kitoke cheupe. Vijiti 15 si vingi kwa kiko kilichokaa miaka.

Mdomo wa mpira mgumu mweusi ukikaa juani hugeuka kijani-kahawia na kuwa na uchungu. Sugua kwa msasa wa maji namba 400, 800, 1000, mwisho 2000, ukikwepa ukingo unaokutana na shingo. Ukiupunguza hapo, kiungo hakitalingana tena. Maliza kwa dawa ya meno na kitambaa. Alama za meno hupungua ukichovya ncha kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa sekunde 20 hivi, lakini usizamishe mdomo wote: mpira huu hukumbuka umbo lake la awali, na mdomo uliopindwa utanyooka mikononi mwako. Kama kiko ni cha kumbukumbu tu, tunashauri alama za meno uziache. Ni za mzee.

Ngozi ipakwe dawa ya viatu isiyo na rangi, kidogo sana, mbali na mdomo wa bakuli.

Anayekusudia kukivuta ajue kwamba moshi wa kiko, hata usiposhushwa mapafuni, huleta saratani ya mdomo na koo. Pia duka si mahali pake tena: Kenya sheria ya mwaka 2007 inakataza kuvuta tumbaku sehemu za umma za ndani. Kwa atakayevuta nyumbani kwake uani: tumbaku yenye unyevu ianikwe kwenye karatasi nusu saa, la sivyo itachoma ulimi. Jaza kwa awamu tatu, ya kwanza ukiidondosha tu, ya pili ukibonyeza kidogo, ya tatu zaidi. Washa, acha ivimbe na kuzima, shindilia kwa wepesi, washa tena. Bakuli likikushinda kushika kwa joto, unavuta haraka mno, liache lizime.

Bei haina kanuni, kwa kuwa leo vinapatikana zaidi kwa mkono wa pili. Ushauri wetu ni huu: kizima chenye mdomo wake wa asili kinastahili kulipiwa vizuri, chenye ufa shingoni hakistahili chochote zaidi ya thamani ya kumbukumbu, na kilichopotea mdomo kinunuliwe kama tu una fundi wa kuchonga mwingine, kwa sababu mdomo wa kiko kingine ni nadra kuingia bila kuchongwa, na anayelazimisha ndiye anayepasua jiwe.