Vim inayosuasua kwenye seva ya mbali: SSH au Mosh?
Ukitumia Vim (kihariri cha maandishi) kupitia SSH, njia ya kuingia na kufanya kazi kwenye kompyuta ya mbali, kila herufi husafiri hadi kwenye seva na kurudi ndipo ionekane kwenye skrini, hivyo safari ya milisekunde 300 huhisiwa vidoleni. Mosh, programu mbadala wa SSH iliyotolewa mwaka 2012, huikisia herufi na kuionyesha papo hapo, ikiipigia mstari chini mtandao unapokuwa mzito, hadi seva ithibitishe. Ila huhitaji mlango (port) wa UDP, mojawapo ya njia za kutuma data mtandaoni, kwa kawaida wenye namba kati ya 60000 na 61000, ambao ngome nyingi za mtandao (firewall) huufunga. Kabla ya kuhamia Mosh, andika neno kwenye mstari wa amri wa seva hiyo bila kufungua Vim: likitokea haraka, usiulaumu mtandao. Ikiwa Vim huchelewa kufunguka tu, huenda inatafuta seva ya X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini) kupitia muunganisho uleule, na hapo amri ya vim -X hutosha.