Stendi ya mzinga ya miguu minne: usiinunue kabla ya kuiangalia chini

"Bosi, stendi haizami, ardhi yako ndiyo mbovu." Hilo ndilo jibu la muuzaji nilipompigia kulalamika kuwa stendi ya mzinga wa nyuki aliyoniuzia inazama, kisha simu ikakatwa. Tangu masika yaanze halijanitoka moyoni.

Miguu ya stendi hii ni bomba la inchi moja lililokatwa na kuachwa hivyo hivyo, bila kitako. Mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu za mbao, sanduku la majana (watoto wa nyuki) na moja la asali vikijaa, unafika kilo 70 na zaidi. Kila mguu unabeba karibu kilo 18 juu ya mdomo wa bomba. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukishalowa, bomba linazama tu. Mguu wa nyuma kushoto ulishuka vidole vitatu.

Asiyefuga atasema vidole vitatu si kitu. Ni kitu kikubwa! Nyuki hujenga sega wima kama timazi, fremu ikiinama ni shauri lako. Mzinga ukilalia ubavu, sega linatoka kwenye fremu yake na kushika ya jirani, hasa kwenye fremu zenye utepe mwembamba tu wa nta juu. Ukivuta moja, mbili zinapasuka, asali inamwagika, majana yanakatika, na nyuki wetu wanatoka wote kwa hasira. Fremu sita zimeharibika. Halafu ardhi ndiyo mbovu?

Tena ulilalia nyuma, ambako hautakiwi kabisa. Kushoto na kulia pimamaji lisome sawasawa, lakini mbele pawe chini kwa sentimita moja hivi ili mvua inayoingia mlangoni itoke. Ukiinamia nyuma, maji yanatuama sakafuni na mbao inaota ukungu.

Nilitaka kuipa nyota moja. Ila niseme haki: kuchomelea kumefanywa vizuri, haina mtikisiko, na vikombe vya oili katikati ya miguu vimezuia siafu kweli. Ukiirekebisha, inafaa. Chomelea chini ya kila mguu sahani ya chuma ya sentimita 15 kwa 15, unene milimita 5. Chimba sentimita 15, jaza kokoto, shindilia, laza tofali pana la zege, kisha pima usawa kwa mpira wa maji kabla ya kupandisha mzinga. Kama una nyuki tayari, fanya jioni, bomba la moshi la kutuliza nyuki likiwa limewaka vizuri, watu wawili wanyanyue na wa tatu apange chini. Na usiache kupima tena baada ya mvua kubwa mbili tatu za kwanza.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili. Vipande vinne vya bati nene ni mabaki yanayolala sakafuni kwenye karakana yoyote ya kuchomelea, na huyu aliona bora kunikatia simu.