Lipia picha, maneno andika mwenyewe

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: kwa picha, duka lililonifungulia ukurasa wa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, nalipatia nyota nne na nitarudi. Kwa maandishi, moja, nayo ni kwa sababu jina langu waliliandika sawasawa. Kwa usalama wa akaunti hakuna nyota.

Ni steshenari ya kawaida ya katikati ya mji wa Mwanza, upande wa kwenda Makoroboi. Jina silitaji, maana mwenye duka nimeshamweleza haya yote ana kwa ana na ameahidi kuyafanyia kazi. Mlangoni wamebandika karatasi ya huduma zao: TIN, Ajira Portal, mkopo wa HESLB, kadi za harusi, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, "LINKEDIN KAMILI 30,000". Kamili maana yake wanakupiga picha, wanakufungulia akaunti na kukuandikia kila kitu. Picha peke yake ni 10,000.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Nimesoma chuo cha ufundi cha VETA hapa Nyakato, nikafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, sasa najitegemea: vyumba vya baridi, mashine za barafu, majokofu ya hoteli, Mwanza hapa, Sengerema, Geita, mpaka Musoma. Mafundi wenzangu wananiuliza LinkedIn ya nini wakati WhatsApp ipo. Swali lao ni halali. Ukitengeneza friji ya baa Buzuruga, mwenye baa anampa jirani namba yako na maisha yanaendelea. Ofisi ya manunuzi ya kiwanda au mgodi haiendi hivyo. Yule afisa lazima awe na kitu cha kumwonesha bosi wake kabla hajakuita, na picha ya stetasi inayofutika baada ya saa 24 haimsaidii.

Nianze na picha, ndiyo iliyonifurahisha.

Nyuma ya mlango wao kuna koti la suti, jeusi, kubwa, lenye vibanio vya nguo mgongoni vya kulikaza lionekane umeshonewa. Karibu kila aliyefunguliwa LinkedIn pale amepigwa ndani ya koti hilo. Baadaye nimewaona kwenye programu: mhasibu, mwalimu, dereva wa malori, wote bega moja. Kijana wa dukani akalishusha kwenye msumari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nimekuja na nguo zangu," nikatoa kwenye mfuko ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi na geji zangu za kupimia presha ya gesi na mipira yake. Akanitazama juu mpaka chini.

"Dada, LinkedIn si ya mafundi, ni ya watu wa ofisini."

"Hao wa ofisini ndio wanaotafuta mafundi."

Akacheka, akakubali, na baada ya hapo alifanya kazi safi. Hakunipiga ndani kwenye taa ya bomba. Alinitoa barazani, saa tatu kasoro asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili wa jengo, akanisogeza hatua moja mbele ili kivuli changu kisikae ukutani. Geji akanitaka nizishike chini ya kifua, nisizitundike shingoni, "uso uonekane kwanza". Alipiga nyingi, kisha akazifungua kwenye kompyuta na kuzikata moja moja kwenye duara dogo, maana LinkedIn huonesha sura ya mtu ndani ya duara, na kwenye simu duara lenyewe ni kama kifungo cha shati. Tuliyoichagua ni ile ambayo hata kwa udogo huo unaona uso na rangi ya ovaroli. Hapo pesa yangu ilikwenda vizuri. Mwambieni tu awatumie kama dokumenti. Ikija kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana na ubora unashuka.

Sasa maandishi.

Chini ya jina, LinkedIn inakupa mstari wa herufi zisizozidi 220, na huo mstari unakufuata kila mahali: ukitoa maoni chini ya chapisho la mtu, ukitokea kwenye utafutaji, ukiomba kuunganishwa. Kwenye simu huonekana mwanzo wake tu. Kijana alianza na "Mkurugenzi Mtendaji". Mkurugenzi wa nani? Nina vijana wawili wa kunisaidia na bajaji ya kukodi. Ikafuata mtaalamu mwenye ari, anayejituma, anayeleta matokeo, kiongozi wa mabadiliko. Baridi haikutajwa. Barafu haikutajwa. Hata Mwanza haikutajwa. Nilipouliza, akanionesha faili: maneno yameshaandikwa siku nyingi, yeye anabadilisha jina tu. Kumbe hata yule dereva wa malori ni kiongozi wa mabadiliko.

Mtu atasema ni mbwembwe tu, zina ubaya gani. Ubaya ni kwamba LinkedIn watu wanaitafuta kwa maneno. Mtu wa manunuzi anaandika kwenye kile kisanduku kitu anachokihitaji, mara nyingi kwa Kiingereza: chumba cha baridi, mashine ya barafu, amonia, halafu anachagua eneo. Hakuna anayetafuta "mwenye ari". Na kwenye kazi yangu neno amonia peke yake linachuja watu. Viwanda vikubwa vya samaki vinapoza kwa amonia. Majokofu ya madukani yana gesi nyingine, zile mafundi tunazoziita freoni. Amonia inakula shaba, kwa hiyo mabomba yake ni ya chuma, valvu zake ni nyingine, na ikivuja unakimbiza watu kwanza ndipo ufikirie mtambo. Injinia akiona umeandika amonia, na chini yake picha ya kompresa, ile pampu ya gesi ya mtambo, uliyoifungua mwenyewe, anajua huyu ameshaingia chumba cha mashine.

Niliyafuta yote. Sasa panasomeka: fundi wa vyumba vya baridi na mitambo ya barafu, amonia na freoni, Mwanza na Kanda ya Ziwa. Sehemu ya kujieleza inaruhusu herufi 2,600, ila kabla msomaji hajabonyeza kuendelea anaona mistari michache ya juu tu. Humo nimeweka kazi moja: chumba cha minofu kilichokuwa kimegoma kwenye nyuzi 9 chini ya sifuri kikarudishwa kwenye 18 chini ya sifuri, tatizo likiwa barafu iliyoganda kwenye evapureta, ile koili inayopoza hewa ya chumba, kwa sababu hita ya kuyeyushia iliungua. Mtu wa fani akisoma hapo, habari za ari yangu hana haja nazo.

Lililoniudhi kweli ni akaunti. Nimefika nyumbani Igoma, nataka kuingia kwa simu yangu, inakataa. Kumbe walifungua kwa baruapepe ya duka na paswedi ya duka, ileile wanayompa kila mteja. Kwa hiyo ukurasa wenye jina langu, sura yangu na namba yangu ya simu ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Siku duka likifungwa au kijana akihama, basi tena. Masharti ya LinkedIn yenyewe yanakataza watu kutumia akaunti moja kwa pamoja. Kesho yake nilirudi nikakaa mbele ya kompyuta yao. Tukaongeza baruapepe yangu na kuifanya ya msingi, tukaondoa ya kwao, nikabadilisha paswedi, nikawasha uthibitisho wa hatua mbili. Kisha kwenye mipangilio kuna sehemu inayoorodhesha vifaa vyote ulivyoingilia. Nikavitoa vyote isipokuwa simu yangu. Mkienda, hayo yafanyeni mkiwa bado mmekaa pale, kabla hamjalipa. Mwenye duka ni mama mstaarabu. Nilimwamkia, nikamweleza, hakubisha. Alisema tu kwamba wateja wengi wanakuja hawana baruapepe. Naelewa. Lakini kumfungulia mtu baruapepe yake ni dakika chache, na iwe ndani ya hiyo 30,000.

Halafu lile duara la kijani la kutangaza kwamba unatafuta kazi. Wanamwashia kila mtu. Kwa kijana aliyemaliza chuo kikuu cha SAUT sina neno, ajira anaitafuta kweli, na hata yeye anaweza kuchagua tangazo lionwe na wanaotafuta wafanyakazi tu, bila hilo duara, si dunia nzima. Fundi mwenye wateja wake akilivaa anaonekana amekaa kijiweni. Mimi nimelizima nikawasha sehemu ya kutoa huduma, ambayo ni bure, unaorodhesha unachofanya na mtu anaweza kukuandikia kuulizia.

Kuhusu LinkedIn yenyewe, wanaoisifia kwamba itakuletea kazi ukiwa umelala, mimi hainiletei. Kazi inakuja kwa mdomo, kama zamani. Injinia anamwuliza mwuza vipuri, mwuza vipuri anamwuliza dereva wa gari la barafu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jina langu linatajwa. Kilichobadilika ni kinachofuata baada ya kutajwa. Zamani jina lilikaa hewani mpaka atokee mwingine wa kulithibitisha, na mara nyingi aliyetokea ni fundi anayeitaka kazi hiyohiyo. Sasa mtu analiandika kwenye simu yake anaona mwenyewe. Meneja mmoja wa upande wa Musoma alinipigia, salamu mbili tatu, kisha: "Ile kompresa uliyoifungua pichani, ni ya pistoni au ya skrubu?" Hakuniuliza nimesoma wapi wala nina uzoefu gani. Mimi nami nilikuwa nimeshaona kwamba amepita kwenye profaili, maana hata sisi tusiolipia huoneshwa baadhi ya waliotutembelea, wale ambao hawakuchagua kujificha.

Ndiyo maana jina ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Duka waliniandika majina matatu ya kwenye kitambulisho cha NIDA. Pale Mwaloni hakuna anayelijua jina la babu yangu. Nimeacha mawili wanayoniita, yote ni yangu halali, na anwani ya ukurasa, iliyokuwa na mkia wa tarakimu na herufi zisizosomeka, nimeibadilisha ikawa jina tupu. Nimeiweka kwenye muhuri wa risiti.

Sehemu nzito kuliko zote duka hawakuigusa: ushuhuda. Kuna vitu viwili hapo watu wanavichanganya. Kimoja ni kubonyeza tu kwamba fulani anaujua ujuzi fulani. Shemeji yangu anayeuza mitumba Mlango Mmoja amenibonyezea usimamizi wa miradi na hajawahi kunikuta kazini hata siku moja. Kingine ni mtu mliyeunganishwa kukuandikia kwa maneno yake, na hayatokei mpaka uyakubali. Nilimwandikia injinia aliyekuwa mkuu wangu kiwandani, sasa amestaafu: "Shikamoo mzee. Naomba uniandikie mistari miwili kuhusu ule usiku wa kompresa namba mbili, kama unavyoukumbuka." Ukimwomba mtu sifa atakupa zilezile za kiongozi wa mabadiliko. Mwombe tukio. Mzee aliandika kwamba umeme ulikatika, jenereta likawaka lakini kompresa ikagoma kwa presha ya mafuta, na fundi huyu hakutoka chumba cha mashine mpaka alfajiri, mzigo ukasafiri ukiwa salama. Wateja wawili wameninukulia mistari hiyo kwenye simu. Picha, vyeti, vyote, hakuna kilichonifaa zaidi.

Premium, yaani LinkedIn ya kulipia, sijaiona faida yake kwa mtu wa kazi yangu. Wanakupa mwezi wa kujaribu bure lakini kadi unaiweka mwanzoni, na usipositisha kabla mwezi haujaisha wanaanza kukata. Wenye mtandao wana pa kupatia fedha pengine: kampuni zinazolipia kutafuta watu, na matangazo. Microsoft waliununua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, sidhani kama waliwaza kuhusu mimi na bajaji yangu.

Na wale wanaokuandikia ndani kwamba umepata kazi ya ufundi melini au Kanada, tuma kwanza hela ya fomu au ya vipimo vya afya: futa. Kwenye profaili ya mtu kuna mahali pa kubonyeza unaoneshwa alijiunga lini. Bosi wa meli aliyejiunga mwezi huu, mwache na meli yake.

Narudi pale dukani na mmoja wa vijana wangu akishamaliza mtihani wake VETA. Picha tu, 10,000, ovaroli yake mwenyewe, koti libaki kwenye msumari. Kama nanyi mnakwenda, fikeni kabla ya saa nne. Jua likishavuka lile jengo, baraza inakuwa nyeupe na uso wote unaungua kwenye picha, na hapo kijana atawarudisha ndani kwenye taa ya bomba.