Nesi wa safari kwa GP wetu: dawa sawa, mdomo hapana

Nyota moja, na hiyo nampa mzani wake.

Tulikuwa tunawapeleka watoto Muheza kwa bibi yao. Huku Uingereza, kabla ya safari kama hiyo, unaonana na nesi pale kwa GP, yaani kwa daktari wa familia. Huyu wetu macho kwenye kompyuta, salamu hakuna. "Mtalala hotelini?" Nikamwambia hapana, nyumbani kwa mama yangu. Hapo ndipo akageuka. "Aa, mnaenda kwenu. Nyie ndio mnaotuletea malaria. Dawa hamnywi, mnajiona mna kinga."

Mbele ya watoto! Kisha akanisukumia kijikaratasi chenye picha ya kijana wa Kizungu amejilaza kwenye bembea ya kamba, eti nijifunze habari za chandarua. Mimi! Mama yangu analala kwenye chandarua chenye dawa miaka nenda rudi. Sisi wa huku ndio tusio nacho.

Na kinachoniuma zaidi, hilo la kinga ni kweli. Ukikaa Ulaya miaka, kinga uliyokua nayo inapungua, na watoto waliozaliwa huku hawana kabisa. Wengi wanaougua malaria hapa ni watu kama sisi, waliotoka kusalimia ndugu. Sasa si angesema hivyo tu, kistaarabu?

Maana kazi anaijua, jamani. Mdogo wetu alimvua viatu akampima upya, kwa sababu dozi ya mtoto inakwenda kwa kilo. Malarone, vidonge vya kinga ya malaria, akasema tuanze siku moja au mbili kabla, kila siku saa ile ile, pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu tumbo likiwa tupu mwili hauipokei vizuri. Tukishaondoka Tanzania tuendelee siku 7. (Hizo 7 ndugu zangu wengi huziacha uwanja wa ndege.) Na homa ikitokea hata miezi baadaye, hospitali siku hiyo hiyo, useme ulikotoka, wakupime damu.

Haya, nyota tatu. Nilikaribia hata kumpa nne.

Halafu nikafika duka la dawa. Kumbe NHS, huduma ya afya ya serikali, hailipii vidonge vya kinga ya malaria vya safari, unatoa mfukoni, tena kwa kila kichwa! Hilo mwenzangu hakuligusa, pamoja na mdomo wote ule. Zirudi mbili. Wenye watoto wanne mnaokwenda nyumbani Desemba, anzeni kuweka akiba sasa hivi.