RDA ya Kwanza: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

RDA (kifupi cha Kiingereza cha rebuildable dripping atomizer) ni atomaiza isiyo na tangi, yaani sehemu ya kifaa cha kuvepu inayogeuza juisi kuwa mvuke. Ndani yake kuna deki (kitako) yenye nguzo au matundu ya kubana waya, koili uliyoizungusha mwenyewe, na pamba unayoidondoshea juisi. Ladha yake huzishinda tangi nyingi kwa kuwa koili iko karibu na mdomo na chumba cha mvuke ni kidogo. Usumbufu nao upo: unadondoshea upya kila baada ya mivuto michache, pamba inabadilishwa mara kwa mara, na usalama wa umeme uko mikononi mwako. Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavepu na anataka kuhama kutoka podi au tangi. Asiyetumia nikotini asianze kwa RDA wala kwa kitu kingine chochote, maana uraibu wake ni wa kweli. Baadhi ya nchi zimepiga marufuku vifaa hivi kabisa, kwa hiyo ijue sheria ya unakoishi kabla ya kuagiza.

Anayeanza mara nyingi huvutwa na rangi, nakshi na ukubwa. Lakini kitakachoamua kama RDA utaitumia au itabaki kabatini ni jinsi waya unavyoingia kwenye deki, hewa inakopita, na kina cha kisima cha juisi chini ya koili. Tumepanga aina zifuatazo kwa vigezo hivyo.

Nafasi ya kwanza: koili moja, kipenyo cha milimita 22 hadi 24

Hii ndiyo tunayompendekezea karibu kila anayeanza. Koili moja inatosheka na wati 30 hadi 45, hivyo mashine (kifaa chenye betri ambacho RDA hufungwa juu yake) ya betri moja inaimudu. Huna kazi ya kulinganisha koili mbili ziwake sawasawa, unatumia juisi kidogo, na ukiharibu unapoteza kipande kifupi tu cha waya. Wasp Nano ya Oumier, ya milimita 22, ni mfano mzuri wa upande wa bei nafuu. Recurve ya Wotofo ina milimita 24, kwa hiyo vidole vinapata nafasi zaidi. Hadaly ya Psyclone inasifiwa kwa ladha, ila deki yake ni finyu kwa mikono isiyozoea.

Ukipewa mbili zinazofanana, chukua yenye pini ya skonki. Hiyo ni pini yenye tundu katikati, inayoruhusu juisi kupanda kutoka kwenye chupa laini iliyo ndani ya mashine unapoiminya. Huenda leo huna mashine ya namna hiyo, lakini wengi huihitaji wanapochoka kudondoshea.

Nafasi ya pili: koili mbili, milimita 24, deki isiyo na nguzo

Katika deki hizi miguu ya koili inaingia kwenye matundu manne yaliyo kwenye deki yenyewe. Unaikata miguu yote kwa urefu mmoja kabla ya kuiingiza, kisha unakaza skrubu za pembeni. Drop ya Digiflavor ndiyo iliyowazoesha wengi mtindo huu. Mvuke ni mwingi na ladha ni nzito, lakini koili mbili zinataka wati 60 hadi 80, yaani mashine ya betri mbili, na chupa ya juisi itaisha haraka kuliko ulivyotarajia.

Dead Rabbit ya Hellvape inaingia nafasi hii pia kwa koili zake mbili, ingawa deki yake si ya mtindo huo. Hewa yake huingia juu na kushuka kwa mshazari kuelekea koili, kwa hiyo ukizidisha matone haivuji kirahisi. RDA zenye matundu ya hewa chini ya koili hutoa ladha kali zaidi, lakini tone moja la ziada linaishia kwenye mashine yako. Kwa mtu ambaye bado hajajua kipimo cha matone, hewa ya juu ni nafuu kubwa.

Nafasi ya tatu: za wavu

Profile ya Wotofo hutumia kipande cha wavu wa chuma badala ya koili ya kuzungusha. Unakibana pande mbili, unapitisha pamba chini yake, na kitako cha kauri chenye springi kinaisukuma pamba igusane na wavu. Kufunga ni kwepesi, na wavu hupata moto kwa eneo pana. Tumeiweka ya tatu kwa sababu unabaki ukinunua vipande vya wavu, na pamba ikiwa nyembamba sehemu moja, hapo hapo panaungua.

Nafasi ya nne: nguzo mbili zenye matundu mawili kila moja

Ni mtindo wa zamani unaofanya kazi vizuri na bado unauzwa kila mahali. Shida yake ni kwamba skrubu inaminya waya moja kwa moja: waya mwembamba hukatika, na mguu uliobaki mrefu hugusa kofia inayofunika deki ukaleta shoti. Ukizawadiwa, itumie. Kwa pesa zako, anza na zilizotangulia.

Za kuacha dukani: deki za nguzo tatu ambazo nguzo ya katikati inabeba miguu ya koili zote mbili, RDA za milimita 28 na kuendelea, na yoyote isiyo na jina la mtengenezaji.

Kabla ya kulipa, fungua kofia. Skrubu zote zizunguke bila kukwama na vichwa vyao viwe havijalika. Ndani ya kisanduku pawe na skrubu na ringi za mpira za akiba. Pini ya chini ichomoze wazi kuliko uzi wa chuma unaoizunguka. Kizio kinachotenganisha nguzo chanya na deki kiwe cha PEEK, plastiki ngumu inayostahimili joto, kwa sababu plastiki dhaifu hulainika unapoichoma koili kavu (bila pamba wala juisi) na nguzo ikaanza kucheza. Kofia izunguke kwa mkono bila kulegea. Ukifika nyumbani, ifungue yote na uioshe kwa maji ya moto na sabuni, kwani mafuta ya mashine za kiwandani hubaki kwenye nyuzi za skrubu.

Pesa uliyookoa kwenye RDA iweke kwenye mashine na betri. Nunua mashine yenye chipu ya kudhibiti, inayosoma ukinzani na kukataa kuwasha ikiona shoti. Mashine za kimekaniki hazina ulinzi wowote: koili mbili zenye jumla ya omu 0.27 zikiunganishwa na betri iliyojaa ya volti 4.2 huvuta ampea zipatazo 15.6, na hakuna kitu cha kuukata mkondo huo mambo yakiharibika. RDA yenye pini fupi ikifungwa kwenye mashine hizo inaweza kugusisha ncha chanya ya betri na chuma cha nje, na betri ikalipuka. Usianzie huko.

Kwenye mashine yenye chipu, mzigo wa betri unategemea wati zaidi ya ukinzani. Wati 40 kwenye betri moja iliyoshuka hadi volti 3.2 ni takriban ampea 14 ukijumlisha nishati inayopotea kwenye chipu. Betri ya Samsung 25R ya saizi ya 18650 ina kikomo cha ampea 20. Samsung 30Q ina ujazo mkubwa zaidi, ila kikomo chake ni 15. Kwa hiyo ukitumia betri moja, usipite wati 45 kwa 25R wala wati 40 kwa 30Q. Betri yenye ganda lililochanika usiitumie mpaka ivalishwe ganda jipya, na usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Za mashine ya betri mbili zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zitumike pamoja.

Vifaa vingine ni vichache: kibano chenye ncha za kauri, mkasi mdogo, koleo ndogo la kukatia waya, kijiti cha chuma cha milimita 3, pamba asilia isiyo na manukato, na waya. Chukua Kanthal A1 (waya wa aloi ya chuma, kromiamu na alumini) geji 24, geji ikiwa kipimo cha unene wa waya. Nichrome 80, waya wa nikeli na kromiamu, huwaka haraka zaidi na ni nzuri pia. Titani na nikeli safi ziache: zinahitaji mashine ya kudhibiti joto na hazifai kuchomwa kavu hadi ziwe nyekundu.

Koili ya kwanza zungusha mizunguko 6 kwenye kijiti cha milimita 3. Utapata karibu omu 0.5, kutegemea urefu wa miguu. Ingiza miguu, kaza skrubu kijiti kikiwa bado ndani ya koili, na uiweke koili mbele ya matundu ya hewa bila kugusa nguzo wala deki. Kata miguu iliyozidi karibu kabisa na chuma. Soma ukinzani: namba ikirukaruka, skrubu haijakaza, ikiwa karibu na sifuri, kuna shoti, usiwashe. Kisha washa kwa wati 12 hadi 15, sekunde moja moja. Koili inapaswa kuwa nyekundu kuanzia katikati kwenda kingoni. Mahali panapowaka peke yake, achia kitufe, kisha kwangua taratibu kwa ncha ya kibano na uiminye mizunguko ikaribiane.

Pamba ndiyo inayowashinda wengi. Kipande kipite kwenye koili kwa kukwama kidogo, bila kuivuta koili ikajikunja. Kikipita kwa ulaini, ni chembamba: kitakauka katikati na kuungua. Kikilazimishwa, juisi haitapita. Kata ncha usawa wa ukingo wa deki, zichambue zilainike, kisha zilaze kisimani ziguse sakafu bila kushindiliwa wala kuziba matundu ya hewa. Dondoshea koilini na kwenye ncha zote mbili mpaka pamba yote ilowe, washa kidogo kidogo mpaka mvuke utoke sawasawa, ndipo ufunge kofia na kuanza na wati 30.

Dondoshea tena ladha inapoanza kupungua, usingoje iwe kali. Mvuto mkavu hausameheki: juisi ikipata joto kali bila unyevu wa kutosha hutoa formaldehaidi na akroleni, na pamba iliyoungua haitengemai, itupe.

Juisi iwe na VG (gliserini ya mimea) karibu asilimia 70 na nikotini miligramu 3 kwa mililita. Juisi za podi zenye chumvi ya nikotini za miligramu 20 na zaidi hazifai humu. Mvuke wa RDA ni mwingi mno, na utajikuta na kizunguzungu na kichefuchefu. Mafuta ya aina yoyote yasikaribie pamba yako. Katika mlipuko wa magonjwa ya mapafu uliotokea Marekani mwaka 2019, wachunguzi waliuhusisha ugonjwa huo kwa nguvu na aseteti ya vitamini E, mafuta yaliyokuwa yamechanganywa kwenye juisi za bangi.

Juisi tamu huacha masizi kwenye koili haraka. Pamba ikiwa kahawia karibu na koili, itoe, choma koili kavu kwa wati ndogo, isugue chini ya maji ikishapoa, iache ikauke na uweke pamba mpya. Koili ikikataa kuwaka sawasawa hata baada ya hapo, zungusha nyingine.