Caesar na imperator: majina mawili ya mtawala mmoja

Roma iliiachia Ulaya majina mawili ya mtawala mkuu. Imperator lilikuwa cheo tangu mwanzo: askari walimshangilia hivyo jemadari aliyeshinda vita. Caesar lilikuwa jina la ukoo tu, la Julius aliyeuawa mwaka 44 KK. Warithi wake wakalivaa mpaka likageuka cheo.

Imperator lilishika zaidi magharibi: imperatore kwa Waitaliano, emperador kwa Wahispania, empereur kwa Wafaransa, na kutoka huko Waingereza wakapata emperor. Kwa Waalbania lilisagika hadi likawa mbret, na maana ikashuka kuwa mfalme tu.

Lakini kwangu mimi Caesar ndilo lenye safari tamu. Wajerumani walilikopa mapema, C ikiwa bado inatamkwa K, ndiyo maana Kaiser inasikika kikale kuliko Cesare ya Kiitaliano cha leo. Waslavi walilifupisha kuwa tsar, cheo alichotawazwa nacho Ivan wa Nne mwaka 1547. Mwaka 1721 Peter Mkuu akajiita imperator, Urusi ikawa na yote mawili. Na Kaisari wetu wa kwenye Injili ameitunza K ile ile.